Matumbawe Kejani: Mwongozo wa Kulea Matumbawe Magumu Yasikudedie wala Kupoteza Rangi

Umecheki zile video za matanki ya bahari. Matumbawe ya zambarau, kijani ya kuwaka, pinki ya kuumiza macho, yote yakicheza chini ya taa za buluu. Tamaa inakushika. Unauliza bei, unajikaza, unabeba vipande vitatu hadi kejani. Wiki ya tatu vimekuwa rangi ya majani ya chai. Wiki ya tano ni mifupa mieupe tu. Doo imeenda, na kiumbe aliyechukua miaka kukua amededi kwa sababu ya kitu ambacho ungepima kwa dakika kumi.

Si lazima iende hivyo. Kulea matumbawe magumu si uchawi, na si kazi ya masonko pekee. Ni kazi ya mtu anayependa kupima, kungoja na kutopaparika. Hapa tunakupa kila kitu unachohitaji kujua kabla hujatoa shilingi ya kwanza, na cha kufanya mambo yakianza kuharibika.

Tumbawe ni nini kwanza?

Wengi hudhani tumbawe ni mmea, wengine wanasema ni jiwe. Zote si kweli. Tumbawe ni mnyama, binamu wa yavuyavu. Kile unachoona kama kichaka au jiwe la rangi ni mji wa wanyama wadogo wanaoitwa polipu. Kila polipu ana mdomo mmoja na mikono midogo iliyouzunguka. Tumbawe gumu hutoa kalsiamu kwenye maji na kujijengea mifupa ya madini yale yale ya chokaa.

Sasa siri iko hapa. Ndani ya nyama ya polipu wanaishi mwani wadogo sana, hawaonekani kwa macho, wanaitwa zooksanthela. Fikiria tumbawe ni lando na mwani ni wapangaji. Mwani wanatumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya hiyo sukari wanamlipa lando kama kodi. Lando naye anawapa mahali salama pa kuishi na uchafu wake unawafaa kama mbolea. Maji yakipata joto kupita kiasi, au mwanga ukiwa mkali ghafla, mwani wanaanza kutoa sumu, na lando anawafukuza wote. Nyama inabaki kama kioo na unaona mifupa nyeupe chini yake. Tumbawe bado liko hai hapo, lakini linakaa njaa. Hali isiporudi sawa, linakufa.

Hilo si jambo la matanki pekee. Mwaka wa 1998, El Niño ilipopasha bahari moto, matumbawe mengi ya Pwani ya Kenya yaligeuka meupe na kufa. Joto likipanda nyuzi chache kwenye tanki lako, unarudia historia hiyo sebuleni.

Watu wa matanki hugawa matumbawe magumu makundi mawili. Kuna yenye polipu kubwa, yanaitwa LPS: manene, yenye nyama inayopeperuka, na yanasamehe makosa. Halafu kuna yenye polipu ndogo, SPS: matawi na sahani zenye vinundu vidogo, rangi kali sana, na hayana msamaha. Acropora ndiyo mfalme wa hili kundi la pili.

Kabla hujatoa chapaa: mambo ya sheria

Usiende Diani au Watamu ukavunja kipande ukakitia kwenye ndoo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zinalindwa tangu 1968, na KWS wanaosimamia hifadhi hizi hawachezi. Zaidi ya hapo, matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Maana yake, kuyavusha mpaka wa nchi yoyote bila kibali ni kosa, hata kama ni kipande cha ukubwa wa kidole.

Kwa hivyo ukinunua, uliza maswali mawili: kilitoka wapi, na karatasi ziko? Kilicho bora ni kipande kilichokatwa kutoka kwa tumbawe lililokulia kwenye tanki. Hakijaibiwa baharini, na pia kimezoea maisha ya kioo, kwa hivyo kina nafasi kubwa ya kuishi.

Tanki na nyumba

Tanki dogo ni la bei nafuu lakini ndilo gumu zaidi kulea. Maji machache hubadilika haraka: kosa dogo, madhara makubwa. Ukiweza, anza na lita 150 hadi 250.

Piga hesabu ya uzito. Lita 200 za maji ni zaidi ya kilo 200. Ongeza kioo, mawe na meza, unakaribia kilo 300 mahali pamoja. Kabati la TV haliwezi. Tafuta fundi wa vyuma akutengenezee meza imara, iweke karibu na ukuta, na uhakikishe sakafu iko sawa. Kama unakaa ghorofani, ongea na keretaka mapema. Ni rahisi kuliko kuelezea jirani wa chini kwa nini dari yake inanyesha maji ya chumvi.

Kama fundi wa vioo ndiye anakuundia tanki, mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu. Ile ya bafuni ina dawa, na dawa hiyo inaweza kuua kila kitu ndani.

Vifaa vya lazima ni hivi:

- Taa ya LED ya matumbawe, si taa ya kawaida ya samaki.
- Pampu mbili za mawimbi.
- Hita, pamoja na kifaa cha pembeni cha kuizima joto likizidi. Hita zina tabia mbaya ya kukwama zikiwa zimewaka, na hapo unapika kila mtu usiku mmoja.
- Mashine ya kutoa povu, inayovuta uchafu kabla haujaoza.
- Vipimo: vya chumvi, joto, alkaliniti, kalsiamu, magnesiamu, naitreti na fosfeti.

Kama uko Nairobi kuna jambo moja ambalo miongozo ya ng'ambo haikuambii. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi huku, kwa hivyo maji yanabeba oksijeni pungufu kuliko Mombasa, karibu asilimia 18 chini. Usijaze samaki kupita kiasi, hakikisha uso wa maji unachafuka kwa mawimbi muda wote, na usizime mashine ya povu usiku. Halafu Juni hadi Agosti ni baridi. Usiku wa Julai hita itafanya kazi kweli kweli.

Maji: hapa ndipo wengi huanguka

Maji ya mfereji yana klorini na yanaweza kuwa na shaba kutoka kwa mabomba. Shaba kidogo tu inaua matumbawe na konokono. Maji ya kisima cha kuchimbwa nayo, hasa Nairobi, mara nyingi yana floraidi na madini mengi. Unahitaji maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, kisha yakapita kwenye chujio la mwisho la kutoa madini yaliyobaki.

Huna mashine? Maduka mengi ya kujaza maji mtaani yanatumia RO. Lakini usiamini kwa macho. Mengine yanaweza kurudisha madini kidogo ili maji yawe na ladha. Nunua kipimo cha TDS, ni kidogo kama kalamu, na upime hapo hapo dukani. Unatafuta sufuri, au karibu kabisa na sufuri. Ikisoma 80, rudi na mtungi wako.

Chumvi iwe ile ya kutengeneza maji ya bahari kwa ajili ya matumbawe. Chumvi ya kupikia hapana: haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha, na imeongezwa vitu vingine. Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, ambayo kwenye kipimo ni 1.026 kwa joto la nyuzi 25. Changanya kwenye ndoo, acha pampu izungushe hadi maji yawe angavu, pasha moto, pima, ndipo umwage kwenye tanki.

Na hii uikariri: maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matamu, si ya chumvi. Kinachopaa ni maji pekee. Chumvi inabaki. Ukiongeza ya chumvi kila siku, kufikia mwisho wa mwezi umewapikia supu.

Ngoja tanki liive

Hapa ndipo wenye haraka huchomeka. Tanki jipya halina bakteria wa kula sumu. Weka mawe, mchanga na maji, kisha anzisha amonia kidogo na ungoje. Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa naitraiti, la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi nane. Amonia na naitraiti zikisoma sufuri siku kadhaa mfululizo, leta konokono wa kusafisha, halafu samaki mmoja au wawili.

LPS zinaweza kuingia baada ya miezi miwili au mitatu ya utulivu. Acropora ingoje angalau miezi sita, na mwaka mmoja ni bora. Najua unataka Acropora leo. Kila mtu hutaka. Makaburi yao ndiyo yamejaa kwenye mchanga wa matanki mapya.

Mwanga: si kuwasha tu

Mwanga wa matumbawe hupimwa kwa kitu kinaitwa PAR, yaani kiasi cha mwanga ambacho mwani wanaweza kutumia. LPS nyingi hutosheka na PAR 50 hadi 150. SPS hutaka 200 hadi 350. Kama huna kipimo, omba mtu aliyenacho aje apime mara moja, kisha andika namba kwa kila sehemu ya tanki.

Buluu ndiyo rangi mwani wanaitumia vizuri, na ndiyo inayofanya protini za rangi kwenye nyama ya tumbawe zing'ae. Saa nane hadi kumi kwa siku zinatosha. Usiku wanahitaji giza.

Tumbawe jipya liweke chini kwanza, au punguza taa hadi nusu, halafu uongeze polepole kwa wiki tatu au nne. Ukiliweka juu siku ya kwanza, utalichoma kama mzungu aliyelala ufukweni bila kofia.

Pia chanuka unaponunua. Picha zilizopigwa chini ya buluu tupu huongopa sana. Mwambie muuzaji akutumie picha chini ya mwanga mweupe. Tumbawe lenye afya litaonyesha rangi hata hapo. Lililobaki na mng'ao tu kwenye nyama ya kuonekana mifupa linaumwa.

Mawimbi

Baharini maji hayatulii. Mawimbi huletea polipu chakula na oksijeni, na huosha kamasi na uchafu. SPS hutaka mkondo mkali unaobadilika, ambapo pampu zinazungusha maji ya tanki lote mara 20 hadi 50 kwa saa. LPS mara 10 hadi 20 inatosha.

Elekeza pampu zigongane au zipige kioo, zisimpulizie mmoja usoni. Ukiona nyama ya LPS imepeperushwa upande mmoja hadi mifupa inakata, sogeza. Ukiona uchafu unatulia kati ya matawi ya SPS, ongeza mkondo.

Kalsiamu, alkaliniti na magnesiamu: injini yenyewe

Kama utasoma sehemu moja tu, soma hii. Tumbawe gumu linajenga mifupa kila siku kwa kalsiamu na alkaliniti. Alkaliniti ni akiba ya maji ya kuzuia asidi, na ndiyo inayoisha haraka zaidi. Magnesiamu kazi yake kubwa ni kuzuia hizo mbili zisiungane zenyewe na kugeuka chokaa kwenye pampu zako.

Namba za kulenga:

- Joto: nyuzi 24 hadi 27
- Alkaliniti: dKH 8 hadi 9
- Kalsiamu: 400 hadi 450 mg kwa lita
- Magnesiamu: 1,250 hadi 1,400 mg kwa lita
- pH: 7.8 hadi 8.4
- Naitreti: 2 hadi 10 mg kwa lita
- Fosfeti: 0.03 hadi 0.1 mg kwa lita

Lakini utulivu unashinda namba kamili. Tanki linalokaa 7.8 kila siku litastawi kuliko linaloruka kutoka 7 hadi 10 na kurudi. Usibadilishe alkaliniti zaidi ya dKH 1 kwa siku moja, hata kama umeogopa vipi.

Unajuaje tanki lako linakula kiasi gani? Pima alkaliniti saa ile ile kwa siku tatu bila kuongeza kitu. Tuseme una lita 150 za maji halisi, ukishaondoa nafasi ya mawe. Jumatatu imesoma 8.5, Alhamisi 7.9. Imeshuka 0.6 kwa siku tatu, yaani 0.2 kila siku.

Sasa, gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu huinua lita 100 kwa dKH 1. Kwa lita 150 unahitaji gramu 4.5 kuinua dKH 1. Kurudisha 0.2 kwa siku ni gramu 0.9. Umeona? Chini ya gramu moja ndiyo inatenganisha tanki zima na tanki la mifupa. Ndiyo maana mizani ndogo ya vito ni muhimu kuliko taa ya bei ghali.

Hiyo bikaboneti ni ile ile soda ya kuokea inayouzwa supermaketi, mradi iwe safi na isiwe na kitu kingine. Usichanganye na unga wa kuumulia keki wenye wanga na asidi ndani. Soma pakiti.

Kalsiamu nayo hushuka pamoja: kila dKH 2.8 inayoliwa huenda na kama mg 20 za kalsiamu. Kwa mfano wetu ni chini ya mg 1.5 kwa siku, kama mg 10 kwa wiki. Irudishe kwa kloridi ya kalsiamu ya matanki. Isipokuwa usiimwage pamoja na soda kwenye kikombe kimoja. Vitaungana, utapata maji meupe ya chokaa na hujasaidia mtu. Weka moja asubuhi, nyingine jioni, karibu na pampu, polepole.

Kuna wanaotumia maji ya chokaa kuinua zote mbili kwa pamoja. Inafanya kazi, lakini si chokaa ya kupakia ukuta kutoka hardware. Inatakiwa hidroksidi ya kalsiamu safi, na idondoke polepole, juu pH yake inapita 12 na inachoma ngozi na macho. Usianze nayo.

pH ikiwa chini ilhali alkaliniti iko sawa, kabla hujanunua dawa, fungua madirisha. Keja ndogo iliyofungwa yenye watu wanne hujaa kaboni dioksidi, na inaingia kwenye maji.

Rangi imepotea: soma dalili

Rangi ya tumbawe inatoka sehemu mbili. Kahawia ni ya mwani. Zambarau, kijani, pinki na buluu ni protini ambazo tumbawe lenyewe hutengeneza. Ukijua hilo, unaweza kusoma tanki kama gazeti.

Limekuwa kahawia. Wapangaji wamezidi hadi wamefunika rangi za lando. Sababu ni naitreti na fosfeti nyingi, au mwanga mdogo. Punguza chakula cha samaki, badilisha maji, safisha mashine ya povu, kisha angalia taa. Tumbawe la kahawia lina afya kiasi. Usipaparike.

Limepauka kama limeoshwa na jiki. Wapangaji wamepungua. Ama mwanga ni mkali mno, ama maji ni safi mno. Ndiyo, maji yanaweza kuwa safi mno. Naitreti na fosfeti zikiwa sufuri, tumbawe linafunga bila Ramadhani, na mara nyingi mwani mbaya wa kamasi ya kahawia wenye mapovu hufunika mchanga. Ongeza chakula, punguza taa kidogo.

Ncha zimeungua. Kwenye Acropora inayokua, ncha nyeupe laini ni kawaida. Lakini ncha zikiwa kavu, zimepoteza nyama na zinaota mwani wa kijani, mara nyingi alkaliniti iko juu wakati virutubisho viko chini. Ishushe polepole hadi karibu 8.

Nyama inaisha kuanzia chini, polepole. Kitu kimebadilika: alkaliniti, joto, chumvi. Pima vyote siku hiyo hiyo. Pia chunguza wadudu.

Nyama inamenyuka ndani ya saa chache. Hiyo ni dharura. Kata sehemu iliyo hai, sentimita moja au mbili juu ya mpaka wa ugonjwa, na uigundishe kwenye kijiwe kipya. Usingoje kesho.

Kamasi ya kahawia kwenye LPS. Zima pampu, ifyonze kwa bomba ili isisambae, toa tumbawe, lioshe kwa maji ya tanki yenye dawa ya iodini ya matumbawe, na ukate kichwa kilichooza.

Kosa kubwa kuliko yote ni kubadilisha vitu vitano siku moja. Badilisha kimoja, ngoja wiki mbili, andika kwenye daftari. Fosfeti ikiwa juu, usiiondoe yote kwa dawa usiku mmoja. Mshtuko huo unaua kuliko fosfeti yenyewe.

Wanamanga nini?

Sukari ya mwani haitoshi peke yake. Samaki waliolishwa vizuri hutoa mbolea ambayo matumbawe huitumia, kwa hivyo tanki lenye samaki wachache wenye afya huwa na rangi nzuri. Mara mbili kwa wiki, taa zikizimwa na mikono imetoka, wape LPS vipande vidogo vya kamba wa barafu. SPS wape vyakula vya unga vya wanyama wadogo wa maji. Kidogo tu. Kinachobaki kinaoza.

Anza na nani?

Daraja la kwanza: Duncan, Blastomussa, na jamii ya Euphyllia zile zenye mikono mirefu. Daraja la pili: Montipora, Stylophora na Seriatopora. La mwisho: Acropora.

Acha nafasi. Matumbawe hupigana. Euphyllia hurefusha mikono ya kuchoma, na Galaxea ndiyo noma zaidi, mikono yake ya usiku hufika mbali. Sentimita 15 hadi 20 kati ya majirani wasioelewana si nyingi.

Tahadhari moja ya maisha: zoanthidi, zile zinazofanana na vifungo vya rangi, si matumbawe magumu lakini utauziwa kwenye meza moja. Baadhi zina palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi za asili. Vaa glavu na miwani, usizikate karibu na uso, na usichemshe wala kumwagia maji moto jiwe lililo nazo. Mvuke wake umepeleka familia nzima hospitalini.

Wadudu

Kila kipande kipya kichukulie kama mgeni asiyejulikana. Kizamishe kwenye dawa ya kuoshea matumbawe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kitikise, kisha angalia kilichodondoka: minyoo bapa wanaokula Acropora, konokono wasio na gamba wanaokula Montipora, wadudu wekundu. Dawa haiui mayai, kwa hivyo kwangua chini ya kipande, tupa kijiwe kilichokuja nacho, na urudie kuosha kila wiki kwa wiki nne hadi sita kwenye tanki dogo la pembeni. Mdudu mmoja akiingia kwenye tanki kubwa, utamtafuta mwaka mzima.

Stima ikipotea

Kwanza bajeti. Taa ya wati 100 kwa saa 9 ni uniti 0.9. Hita ya wati 150 ikifanya kazi nusu ya siku ni 1.8. Pampu za wati 30 usiku na mchana ni 0.7. Jumla ni karibu uniti 3.4 kwa siku, au uniti 100 kwa mwezi. Fungua risiti yako ya tokeni uone bei ya uniti moja, uzidishe, na uamue kama utaweza. Ni bora ujue sasa kuliko ukisota Novemba.

Sasa giza limeingia. Kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni, si ukosefu wa mwanga. Taa zikikosekana siku mbili, hakuna neno. Fanya hivi:

1. Washa pampu ya hewa ya betri mara moja. Iwe imechajiwa siku zote.
2. Huna? Chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu, dakika chache kila baada ya nusu saa.
3. Usilishe mtu yeyote.
4. Usiku wa baridi, funika tanki kwa blanketi pembeni, juu ukiacha hewa ipite. Chupa za maji moto zilizofungwa vizuri zinaweza kuelea ndani.
5. Stima ikirudi, hakikisha kila pampu imeanza na hita iko ndani ya maji.

Ukienda ocha Desemba, usimwachie ndugu yako kopo zima la chakula na "utaangalia tu". Pakia chakula cha kila siku kwenye vikaratasi vyenye tarehe, chora mstari kwenye kioo wa kuonyesha maji matamu yafike wapi, lipa tokeni mapema, na umwonyeshe mbele yako jinsi ya kuwasha pampu ya betri.

Ratiba ya kukuweka sawa

Kila siku: angalia joto, ongeza maji matamu, tazama kama polipu zimetoka. Hiyo ya mwisho ndiyo kipimo cha bure.

Kila wiki: pima alkaliniti mara mbili, na kalsiamu, naitreti na fosfeti mara moja. Badilisha asilimia 10 ya maji. Safisha kikombe cha povu na kioo.

Kila mwezi: pima magnesiamu, osha pampu kwa siki, hakikisha kipimo cha chumvi kinasoma 35 kwenye maji ya kupimia.

Likikua, gawa

Mwaka wa pili, mambo yakienda poa, matumbawe yataanza kugusana. Kata tawi kwa koleo la makali, chovya, gundisha kwenye kijiwe kwa gundi ya super glue nzito, ambayo hushika hata kwenye maji. Baada ya wiki chache nyama itatambaa juu ya gundi, na una tumbawe jipya.

Mpe mtu unayemwamini. Siku tanki lako likianguka, na siku hiyo hufikia hata wazoefu, yeye ndiye atakayekurudishia kipande. Mbinu hiyo ndiyo jamii za Wasini na Shimoni zinatumia kupanda matumbawe baharini: vipande vidogo, vimefungwa kwenye fremu, vinalindwa hadi vishike. Ukifika kule, chukua boti na barakoa ya kuogelea, uende uyaone yakiwa nyumbani kwao. Halafu urudi kejani ukapime alkaliniti, juu leo ni siku yake.